Majina na Asili Yake: Kezia

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa msomaji wetu mmoja, mkulima wa kahawa wa upande wa Embu. Amejaliwa mjukuu wa kike, na kwa desturi yetu mtoto huyo amepewa jina la nyanya yake, yaani mke wa msomaji huyo, ambaye ni Kezia. Lakini baba wa mtoto, kijana aliyesoma sana, amekataa. Asema ya kwamba Kezia ni jina la Kizungu tu, lililoletwa na wamisheni, wala halina maana, na ya kuwa afadhali binti yake aitwe Kawira au Makena, majina ambayo kila mtu wa kwetu ayasikiapo huyafahamu. Mzee anauliza: Je, mwanangu asema kweli?

Nimelifurahia swali hili kuliko mengi yaliyonifikia mwaka huu. Mimi mwenyewe nimelifuatia jina hilo kwa muda wa miaka miwili, na si kwa kupenda elimu peke yake, bali kwa sababu ya kosa nililolifanya kwa kalamu yangu mwenyewe. Kosa hilo nitalieleza mahali pake.

Kwanza, Kezia si jina la Kizungu. Wazungu nao walilipokea kama sisi tulivyolipokea. Ni jina la Kiebrania, na limo katika Biblia mara moja tu, katika sura ya mwisho ya Kitabu cha Ayubu, sura ya 42. Kila aliyesoma shule ya misheni anakijua kisa cha Ayubu: jinsi alivyopoteza watoto, ng'ombe, punda na afya, kisha akarudishiwa. Aliporudishiwa alizaa tena wana saba na binti watatu. Msomaji akifungua sura hiyo ataona jambo la ajabu. Wale wana saba hawakutajwa jina hata mmoja. Waliotajwa ni mabinti: wa kwanza Yemima, wa pili Kezia, wa tatu Keren-hapuki. (Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya mwaka 1952, humwandika huyo wa pili Kesia, kwa herufi ya s. Herufi hiyo nitairudia, maana imewasumbua watu.)

Majina hayo matatu yote ni mazuri. Yemima hufananishwa na neno la Kiarabu la njiwa, ingawa waliotafsiri Biblia kwa Kiyunani zamani walidhani linatokana na neno la mchana, wakamwita binti huyo Siku. Keren-hapuki ni pembe ya wanja, yaani kile kichupa cha pembe ambamo wanawake wa zamani walitia wanja wa kupaka machoni. Jina hilo, nadhani, hakuna mzazi wa Meru aliyewahi kumpa mtoto wake, na simlaumu. Kezia ni kiungo. Ni gome la mti lenye harufu nzuri, aina ya mdalasini, ambalo kwa Kiyunani liliitwa kasia. Wajuao Kiebrania husema kwamba neno hilo latokana na kitendo cha kukata au kubandua, kwa kuwa gome hubanduliwa mtini kwa kisu, kisha hukaushwa juani mpaka likajikunja lenyewe.

Kwa hiyo yule kijana aliyesema kwamba Kezia halina maana ajue ya kuwa mama yake huitwa Mdalasini.

Tena jina hilo, likiwa na maana ya kiungo chenyewe, limo mahali pengine pamoja tu katika Biblia ya Kiebrania, napo ni Zaburi ya 45, ile ya arusi ya mfalme, panaposemwa habari za mavazi yanayonukia. Hapo watafsiri wetu wa Kiswahili wameandika mdalasini. Lakini katika Kutoka sura ya 30, panapoelezwa namna ya kuchanganya mafuta matakatifu, utakuta neno geni, kida. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwuliza mwalimu kida ni nini, akaniambia ninyamaze nisome. Leo najua ya kwamba watafsiri hawakupata neno la Kiswahili la kutosha, maana mdalasini walikuwa wamekwisha kuutumia katika mstari uliotangulia, basi wakalichukua neno la Kiebrania lenyewe wakaliacha kama lilivyo. Wajuzi wengi huona ya kwamba kida na kezia ni kitu kimoja au ndugu wa karibu.

Na neno mdalasini nalo lina safari yake. Waajemi waliuita mti huo dar chini, maana yake mti wa China. Waarabu, kwa kuwa hawana herufi ya ch, wakasema dar sini. Watu wa pwani yetu wakalipokea, wakaligeuza r kuwa l, wakalitia m ya miti kama walivyofanya kwa mwembe na mkarafuu, likawa mdalasini. Ukienda katika duka la Mhindi hapa mjini Meru utasikia akiuita dalchini, na neno ni lile lile. Basi kila mama atiaye kipande katika birika la chai anataja nchi ya China bila kujua. Wala hatakuwa amekosea, kwa kuwa kasia ya kweli asili yake ni kusini ya China, hali mdalasini mwembamba ulio bora asili yake ni kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kiliitwa Ceylon; huo ndio uliopandwa pia Unguja na Pemba. Kuvitambua si vigumu. Kijiti cha kasia ni kinene na kigumu, kimejikunja mara moja kutoka kila upande, na kukivunja kwa vidole ni kazi. Kile cha Ceylon ni cha maganda membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja kama karatasi, nacho huvunjika upesi.

Hapa naomba wakulima wasichanganye mambo. Katika mashamba yetu ya Meru na Embu uko mti unaoitwa kasia, wenye maua ya manjano, ambao wengi wameupanda mipakani kwa ajili ya kuni na kivuli. Huo si kiungo. Ni mti wa jamii ya kunde, nao hubeba jina hilo kwa sababu wataalamu wa mimea wa Ulaya walilitumia jina la Kiyunani kwa miti mingi isiyo na undugu na mdalasini. Siku hizi wataalamu wenyewe wameuhamisha, wanauita Senna. Mmoja wao, wenye asili ya Amerika, umeleta taabu nchini Tanzania katika hifadhi ya milima ya Mahale, ambako umeenea msituni na kuisonga miti ya asili. Mtu asichemshe gome lake akidhani atapata chai ya binti wa Ayubu.

Watu wa kale walikithamini sana kiungo hiki, na wafanya biashara walikizungushia hadithi ili bei isishuke. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za nchi nyingi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alisimulia kwamba kasia huota katika ziwa lisilo na kina, na kandokando yake hukaa wanyama wenye mabawa kama popo, wakali, wapigao kelele za kutisha. Ati Waarabu walijifunga ngozi za ng'ombe mwili mzima na uso, wakabakiza macho tu, ndipo wakaenda kulichuma huku wakijikinga na hao wanyama. Mimi nikisoma hayo hukumbuka wachuuzi wa miraa wa Maua wanavyoeleza taabu ya safari mbele ya mnunuzi.

Ukweli ni kwamba kiungo hicho kilipita pwani yetu. Kitabu kimoja cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo chaitaja kasia kuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa melini katika bandari za pwani ya Somalia, na bandari moja wapo, Opone, wataalamu huiweka pale panapoitwa leo Ras Hafun. Kwa hiyo hata kabla ya mmisheni yeyote kuzaliwa, jina hili lilikwisha kutamkwa na mabaharia katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Sasa, lilifikaje Kaaga? Wazee husimulia ya kwamba mahali hapa paliitwa Ka-aga kwa sababu palikuwa pa waganga, wale walioondoa laana, na ya kuwa Mchungaji R. T. Worthington wa misheni ya Kimethodisti alipokuja mwaka 1912 alipewa kilima hiki hasa kwa kutumaini kwamba hatadumu. Alidumu. Wanawake wa kwanza walioingia darasa la ubatizo walitakiwa kuchagua jina katika Biblia, na majina ya wanawake katika Biblia si mengi. Wengi walichukua Mariamu, Marta, Rebeka, Raheli. Wengine Kezia. Nimewauliza kina mama wazee kwa nini walilipenda, na mmoja akanijibu kwa kifupi kwamba lilikuwa tamu kinywani na halikuwa na mtu aliyelichafua. Katika Biblia Kezia hasemi neno, hatendi kosa, wala haolewi na mfalme mbaya.

Wamethodisti walikuwa na sababu nyingine ya kulijua. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa na dada mdogo aitwaye Kezia, kitinda mimba wa watoto 19 wa Susanna Wesley. Mwezi wa Februari mwaka 1709 nyumba yao ya Epworth, Uingereza, iliteketea usiku, na John, mtoto wa miaka mitano, akatolewa dirishani paa likiwa karibu kuanguka. Mama yao alikuwa mja mzito, akapita motoni. Mwezi uliofuata akajifungua binti, wakamwita Kezia. Wazazi waliopoteza nyumba, vitabu na nguo katika usiku mmoja wakachagua jina la binti aliyezaliwa kwa Ayubu baada ya hasara. Mimi siwezi kuamini kwamba ilikuwa bahati tu. Kezia huyo alifariki mwaka 1741, bila kuolewa.

Jina likavuka bahari pia. Huko Marekani watu weusi waliokuwa utumwani walilitumia, na kwa kulifupisha likawa Kizzy. Wasomaji waliosoma kitabu cha Alex Haley, Roots, kilichotoka mwaka 1976, au walioona mchezo wake katika televisheni, watamkumbuka Kizzy binti Kunta Kinte. Katika hadithi hiyo baba humpa mtoto jina hilo kwa lugha ya Kimandinka, kwa maana ya kwamba ukae papo hapo, usiondoke, ili asiuzwe mbali naye. Na bado akauzwa. Kama jina lile lilitoka Afrika au lilitoka katika Ayubu, mwandishi alichagua Afrika. Lakini wengi waliobeba jina hilo Marekani waliandikwa Keziah.

Nimefika kwenye kosa langu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa karani katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikijaza fomu za watu wazima waliokosa vyeti vya kuzaliwa. Alikuja mama mmoja aliyepita miaka sitini, kavaa sweta ya kijani, amekuja kwa miguu. Nikamwuliza jina. Akasema, Kethia. Ndivyo wazee wetu wengi hutamka, maana herufi ya z haimo katika lugha yetu, na ulimi huipeleka kwenye th. Mimi, mtoto wa hapa hapa, niliyemsikia nyanya yangu akitamka hivyo kila Jumapili, nikaandika nilivyosikia: Kethia. Sikumwuliza kadi ya ubatizo. Nyuma yake walikuwapo watu wapatao arobaini, na saa ya chakula ilikuwa karibu. Akatia kidole gumba, akaenda zake.

Mwaka uliofuata baba yake alifariki, mzee wa miaka mingi sana, akaacha shamba la ekari saba bila kuandika wosia. Ndugu zake wawili wa kiume wakapeleka mahakamani orodha ya warithi, nayo ilikuwa na majina mawili tu, yao wenyewe. Dada watatu hawakuandikwa, kwa hoja kwamba wameolewa. Yule mama akaleta pingamizi. Ndipo karatasi zake zilipowekwa mezani: kadi ya ubatizo ikisema Kezia, kitambulisho kikisema Kesia, na cheti cha kuzaliwa, kwa mwandiko wangu mzuri niliosifiwa shuleni, kikisema Kethia. Kaka yake mkubwa akasimama akasema, Baba yetu alikuwa na binti Kezia, huyo twamjua. Lakini Kethia mwenye cheti hiki hatumjui.

Alinikuta sokoni, akaniambia haya bila hasira. Akasema, Mwanangu, ulipokuwa ukiandika, mbona hukuniuliza? Nikakosa la kumjibu.

Sheria yenyewe ilikuwa upande wake, na yafaa wasomaji waifahamu. Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Yasema kwamba mtu akifa bila wosia na asiache mke wala mume aliye hai, mali yake hugawanywa sawasawa kati ya watoto wake. Imesema watoto, haikusema wana, wala haikutenga aliyeolewa na asiyeolewa. Ni kweli ziliwekwa kando wilaya kadhaa, nyingi za wafugaji, ambako ardhi ya kilimo na mifugo ingefuata mila. Lakini Meru na Embu hazikuwamo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika shauri la familia ya Rono lililosikizwa Eldoret, iliamua kwamba mabinti hawawezi kupunguziwa kwa kuwa ni wanawake au kwa kuwa huenda wataolewa. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, yataka ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule wa mila. Sheria hiyo yote ilikuwapo, na bado mama yule alikwama kwa herufi mbili.

Ilimlazimu kwenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba Kezia, Kesia na Kethia ni mtu mmoja. Alisafiri mara nne. Aliuza mbuzi. Mimi nilikwenda pamoja naye mara ya mwisho, nikaeleza mbele ya hakimu jinsi nilivyoandika, na mzee mmoja wa kanisa akaleta daftari la ubatizo, kubwa, lenye jalada lililoliwa na mende, ambamo jina la baba na la binti yalikuwa katika mstari mmoja. Hakimu akasoma, akaagiza dada wote watatu waandikwe katika orodha.

Tulipokuwa tukingoja gari ya kurudi, nilimwonyesha mama ile sura ya 42 katika Biblia yangu ndogo. Alikuwa akilijua jina lake kuwa limo humo, lakini mstari unaofuata hakuwahi kusomewa, au alisomewa akasahau. Mstari huo wa 15 wasimulia kwamba Ayubu aliwapa mabinti zake urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Nikausoma kwa Kiswahili, kisha nikamweleza kwa Kimeru. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama hakimu alikuwa ameusoma.

Sasa nimjibu mzee wa Embu. Jina la mkeo lina maana, tena lina maana mbili: kiungo chenye harufu nzuri, na binti aliyerithi. Wala sioni sababu ya ugomvi kati yako na mwanao, kwa kuwa mtoto aweza kubeba yote mawili, Kezia Kawira au Kezia Makena, apendavyo baba yake. Kawira ni mchapa kazi na Makena ni mwenye furaha, na hayo nayo si madogo. Wala Kezia sasa si jina la kigeni kwetu. Tangu lilipoingia katika desturi ya kuwaita wajukuu kwa nyanya zao, limekuwa likizaliwa upya katika kila kizazi kama Mukami na Karimi.

Lakini msiende kwa karani kabla ya kukubaliana herufi. Mkiafikiana, liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, K-E-Z-I-A, mkampe karani karatasi hiyo mkononi, na kabla ya kutia sahihi msome alichokiandika. Jina la mtoto laweza kurekebishwa katika daftari la vizazi kwa njia nyepesi ndani ya miaka 2 tangu kuandikishwa. Baada ya hapo ni safari ya mawakili. Na wale ambao majina yao yamekwisha kuandikwa kwa namna mbili au tatu, watafute hati ya kiapo wakati huu ambapo wazee wanaowajua wangali hai, wasingoje shauri la shamba.

Shamba la yule mama bado halijagawanywa. Amri ipo, lakini mpima ardhi amengojwa tangu mvua za mwezi wa Aprili.

Juma lijalo nitaeleza jina la Zipora, aliloniuliza msomaji wa Chuka.